Mama Alivyotolewa kwenye Kadi

Sijui kama hasira yangu ina haki. Ndiyo maana naiandika, nione ikishakaa kwenye daftari inafanana na nini.

Mimi nilizaliwa upande wa Serengeti nikaolewa huku Tarime, na aliyenioa ni mwanamke. Watu wa huku hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme hivi: mume wake alifariki bila kumwachia mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe wake mwenyewe nikaletwa, ili watoto nitakaozaa wawe wa nyumba yake. Mimi ni mkamwana wake. Namwita mama, na watoto wangu watatu wanamwita bibi. Mambo ya chumbani hayapo kati yetu. Nalisema hilo kwa sababu wageni huwa wanauliza.

Mwaka jana mwandikishaji wa bima ya afya alipita kijijini. Akasema kadi moja inabeba mkuu wa kaya, mwenza wake, na watoto wao walio chini ya miaka kumi na minane. Mkiugua mnatibiwa zahanati mwaka mzima. Mama ana presha, anakunywa dawa kila siku. Siku hiyo hiyo akauza mbuzi. Fomu nikajaza mimi, kwa sababu nilimaliza la saba na yeye hakwenda shule.

Hapo kuna kosa langu, nisimsingizie mtu. Mama nilimwandika mkuu wa kaya. Mbele ya jina langu waliuliza uhusiano wangu naye. Nyuma yangu walisimama wanaume wawili wa mikoa ya mbali, waliokuja kuchimba dhahabu Matongo, nikaona nikiandika mwenza watasoma begani kwangu wacheke. Nikaandika mtoto. Watoto wangu nikawaandika wajukuu. Mwandikishaji hakusoma. Alikuwa peke yake na vijiji vingi, hilo nalikubali. Kadi ikaja na picha ya mama, akawa anachukulia dawa zake, nasi tukaamini tumo wote.

Jua la Januari lilipokaza, zahanati iliwaita wanachama kwenye somo la kujikinga na kiangazi. Nesi alifundisha vizuri. Chemsheni maji. Funikeni vichwa. Saa sita mchana kaeni kivulini. Mtoto akiharisha, mleteni mapema. Niliandika yote, halafu nikanyoosha mkono.

"Dada, bomba limekauka. Tunachota kwenye shimo la mtoni, na ng'ombe wanatangulia asubuhi. Saa sita ndiyo zamu yetu."

"Basi uende na kanga kichwani," akasema, watu wakacheka. Nilicheka pia. Lakini nilirudi nyumbani nimenuna, kwa sababu nilikuwa nimeuliza kweli. Baadaye nilimkuta nesi mwenyewe pale shimoni na ndoo, saa sita, kanga kichwani. Nikashindwa hata kumnunia.

Wiki iliyofuata binti yangu wa miaka saba alikunywa maji ya shimo lile akitoka shule. Akaharisha usiku kucha, kufika asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Nikambeba kwenye bodaboda, mama akafuata kwa miguu.

Karani wa dirishani aliangalia kadi, akaangalia kompyuta.

"Huyu mtoto hayumo."

"Kadi si hiyo, kaka?"

"Kadi naiona. Aliyemo ni bibi peke yake. Wewe umeandikwa mtoto. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Mtoto wa miaka ishirini na tisa," akasema kwa sauti, benchi zima likacheka. "Na wajukuu hawabebwi."

Lazima niseme na hili: kabla ya kunidhihaki alikuwa ameshamwita nesi, na binti yangu alikuwa ndani amewekewa dripu. Hakumwacha mtoto mlangoni. Lakini ile sauti bado ninayo masikioni.

Mama akafika, vumbi hadi magotini. Alikuwa amesikia.

"Mura," akamwita karani, kama tunavyowaita vijana wa kiume huku. "Siku hizi hamwamkii?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huyu si mtoto wangu. Huyu nimemuoa. Ng'ombe walitoka zizini kwangu, na aliyewaswaga ni baba yako mdogo."

"Najua, bibi. Mimi ni wa hapa hapa. Kompyuta ndiyo si ya hapa."

Akajaribu kuandika mwenza. Akatugeuzia kioo tuone wenyewe: maandishi mekundu, imekataa. Mwenza wa mwanamke lazima awe mwanaume. Akasema iko njia moja tu. Mimi niandikwe mkuu wa kaya, watoto wawe wangu, kadi itawabeba. Ila mama wa mkuu wa kaya habebwi. Atasubiri afike sitini, apate kitambulisho cha wazee cha kutibiwa bure.

"Nimeshafika," mama akasema.

"Kitambulisho cha kura kinasema bado miaka mitatu."

"Aliyekiandika alikisia."

"Najua, bibi."

Nikasema hapana, mama abaki kwenye kadi yake, watoto nitajua mwenyewe. Mama akanigeukia.

"Mimi nilikuolea nini? Si ili nyumba yangu iwe na watoto? Andika."

Nikaandika. Jina langu, mkuu wa kaya, kwenye boma ambalo kila mti kaupanda yeye.

Binti yangu alirudi nyumbani siku ya tatu, ameanza kugombana na wenzake, mzima. Ningetakiwa kushukuru, na ninashukuru. Lakini hasira haiondoki. Benchi lilipocheka nilidhani aibu yangu ndiyo iliyoharibu fomu. Sasa najua hata ningeandika mwenza wangekataa vile vile. Kwa hiyo hata kujilaumu mwenyewe siwezi sawasawa. Aliyetunga fomu ile hakuwahi kuuliza watu wa huku wanaishi vipi, na pesa ya mbuzi wetu aliipokea.

Kadi mpya ina picha yangu. Mama ndiye anayeitunza, kwenye sanduku lake, na nikiihitaji namwomba. Dawa za presha sasa tunanunua duka la dawa. Juzi nilimkuta anakata kidonge katikati kwa kisu cha vitunguu, ili vifike mwisho wa mwezi. Nilimwambia kwamba nesi amekataza, kiangazi hiki presha haichezewi.

"Hata wewe kivuli cha saa sita hukai," akanijibu, akaendelea kukata.