Shujaa Aliyekataa Kufa

Baada ya vita Ojera aliacha jeshi, akapata kazi ya kuwatafsiria watazamaji filamu za Kihindi kwa maikrofoni katika kibanda cha video, mtaani Kisugu. Kihindi chenyewe hakukijua hata neno, lakini watu walimpenda.

Jumapili hiyo aliwaahidi mapenzi ya kukata na shoka: kasri la dhahabu, ndovu, nguo za kumeremeta. Kumbe ni vilio mtindo mmoja. Shujaa alipigwa risasi kifuani, akaanza kuimba. Akaimba wee. Ojera, aliyeona watu wakipigwa risasi za kweli, akachoka.

“Mama Atoo,” alimwambia kwenye maikrofoni jirani yake aliyekaa kati ya watazamaji, “nenda kabandike maharage. Huyu hafi leo.”

Mama Atoo akaenda. Maharage yalipoiva alirudi, akauliza kama wameshamzika.

“Wapi,” Ojera akajibu. “Sasa amefika mama yake, naye ataimba.”