Kuonja Si Kula

Dada yangu alikuwa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka ishirini na miwili, na wanachuo walimwita Mama Upawa. Upawa wake ulikuwa wa bati nene, mpini wake umezungushiwa kitambaa kwa sababu ya joto, na hakuna mtu mwingine aliyeugusa. Alipoutundika ukutani, wasaidizi wake walijua kazi ya siku imekwisha. Alikuwa mnene tangu alipomzaa mtoto wake wa pili, na hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kuzungumzwa. Pale jikoni walikuwa wakisema mpishi mwembamba anatia wasiwasi.

Lilikuja kuzungumzwa mwaka ambao figo za mdogo wetu zilishindwa kazi.

Mdogo wetu alikuwa fundi wa redio na simu, ana kibanda nyuma ya soko, na alikuwa na maneno mengi kuliko redio zote alizowahi kuzitengeneza. Kwa miezi mitatu alilala chini ya mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, mrija umeingizwa shingoni. Kisha daktari wa figo akatuita sote watatu, apime nani angeweza kumpa figo. Mimi damu yangu haikulingana na yake. Ya Dada ililingana kwa kila kipimo, hata daktari mwenyewe akatabasamu. Halafu akampandisha kwenye mizani, na tabasamu likaisha.

"Kilo tisini na moja," alisema. "Kwa urefu wako, nikikupasua leo nitakuwa nakuhatarisha wewe ili nimwokoe huyu. Shuka hadi sabini na saba. Ukishuka vizuri, polepole, miezi saba au minane inatosha. Mashine itamshikilia."

"Nitafunga kula," Dada akasema palepale. "Mwezi mmoja tu, daktari."

"Ukifunga utashuka, kisha utapanda. Nataka mtu atakayebaki na figo moja maisha yake yote, na aweze kuitunza."

Mdogo wetu akamgeukia. "Dada, polepole bwana. Hiyo figo mafuta yameikumbatia miaka yote hii, usiiachanishe nayo ghafla, italia."

Tulicheka. Tulikuwa bado tunaweza kucheka ndani ya chumba kile.

Mshauri wa lishe wa hospitali alikuwa msichana aliyeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alimpa Dada maelekezo machache, akasema si ya kupita, ni ya kuishi nayo: nusu ya sahani iwe mboga za majani, wali usizidi ngumi yake, soda na sukari ya chai viondoke, atembee nusu saa kila siku na aongeze mwili ukizoea. Na kila alichokula akiandike. Dada hakupenda kuandika, kwa hiyo kazi hiyo ikawa yangu. Baada ya chakula cha jioni alikuwa akikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na mimi nimefungua daftari mezani.

"Andika. Asubuhi, uji kikombe kimoja, bila sukari. Mchana, maharage, mboga, wali ngumi moja. Jioni umeniona mwenyewe."

"Na katikati?"

"Katikati nilikuwa kazini, mwalimu."

Nikaandika. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikipigia mstari kila tarehe kwa rula. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa pembeni katika jambo hili.

Miezi minne ikapita. Dada aliacha kupanda gari kwenda kazini, akawa anatembea dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, viatu vya turubai miguuni na viatu vya jikoni kwenye mfuko. Magoti yalivimba, akayafunga bandeji, akaendelea. Wanachuo walimpita barabarani wakimtania: "Mama Upawa, unakimbizwa na nani?" Naye akawajibu, "Na figo!" Wakacheka, wakidhani ni utani.

Mizani ilishuka kilo mbili. Miezi minne, kilo mbili.

Mshauri wa lishe alifungua daftari langu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akalifunga taratibu. "Mama, daftari lako ni zuri mno," alisema.

Dada alielewa. Alitoka pale amevimba kwa hasira, akaongea njia nzima. "Mtoto ananiita mwongo! Mimi! Ninayeshinda katikati ya masufuria sita bila kutia tonge mdomoni!" Nami nilimuunga mkono. Nilisema labda ni umri, labda ni homoni, nilikuwa nimesoma mahali fulani. Msomi hakosi la kusema.

Aliyegundua alikuwa mgonjwa mwenyewe. Ilikuwa wakati wa likizo yangu, nimemchukua kutoka hospitali, na njiani akataka tupitie jikoni kwa Dada akapumzike. Akakalia ndoo iliyofunikwa karibu na mlango, uso wa rangi ya majivu, koti limefungwa hadi kidevuni ili kuuficha mrija. Palikuwa na gunia la maharage limefunguliwa kando yake. Tulikaa pale kuanzia saa tatu hadi kengele ya chakula cha mchana, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mdogo wetu hakusema neno.

Dada alizunguka masufuria yake. Kwenye kila moja alizamisha upawa juu juu, pale mchuzi unapoelea mafuta, akapuliza, akanywa, akatazama dari kidogo, akatia chumvi. Baada ya muda akarudi, akaonja tena kama imekolea. Akaonja kama maharage yameiva. Akaonja kwa sababu msaidizi alisema limau limezidi. Ndivyo nilivyomwona tangu nikiwa mtoto. Kwangu ilikuwa kama kumwona anajifuta jasho.

Wanachuo walipoanza kupanga foleni, mdogo wetu akamwita.

"Dada, umekula nini leo?"

"Uji tu. Muulize mwalimu, jioni ataandika."

"Na hizi?" Akafungua kiganja. Kilikuwa kimejaa maharage mabichi.

"We mtoto, unaniibia guniani?"

"Nimeiba arobaini na tatu. Kila upawa ulipofika mdomoni, nimechukua moja."

Dada alitazama kile kiganja, akatutazama, akacheka kidogo. "Kuonja si kula."

"Kwa nani?"

"Kwa mpishi yeyote! Uliza jiko lolote. Kuonja ni kazi."

"Sawa. Tumbo lako limejuaje kwamba hiki cha kazi na hiki cha nyumbani?" Msaidizi mmoja alicheka, kisha akajifanya anasugua sufuria. "Mimi ni fundi, Dada. Mtu akiniletea simu inayoisha chaji na anaapa kwamba yeye hata haiwashi, sibishani naye. Nakaa nayo, naitazama."

Alimfanya apime maji kwa upawa uleule, kiasi kilekile anachoonja, mara arobaini na tatu, ndani ya sufuria tupu. Ilitoka zaidi ya lita. Dada alisimama akiyatazama yale maji muda mrefu, kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Ingekuwa lita ya mchuzi wa juu, wenye mafuta, kila siku ya kazi, nje ya daftari langu lenye mistari.

"Miezi minne," alisema.

"Usianze," mdogo wetu akamjibu. "Mashine inanishikilia. Badili kijiko tu."

Akabadili. Aliutundika upawa kwenye msumari wake, akaanza kuonja kwa kijiko cha chai, baada ya kukoroga ili asichote mafuta ya juu peke yake. Chumvi akaipima kwa kikombe badala ya ulimi. Wiki ya kwanza chakula kilipooza na wanachuo wakagonga sahani mezani. Ilibaki sheria ya matroni wa chuo, ambayo nayo haikuwa daftarini, kwamba kabla kengele haijalia mpishi mkuu ale nusu bakuli la kila sufuria mbele yake, ili ionekane chakula ni salama. Dada alimwomba iwe kijiko kimoja.

"Sheria ni sheria, Mama Upawa. Wakiharisha wanachuo mia nne nitamshika nani?"

Basi Dada akakifanya hicho ndicho chakula chake cha mchana. Alianza kwa bakuli la mboga za majani, ndipo akala mbele ya matroni, na baada ya hapo hakula tena hadi jioni. Akisubiri wali ukauke, alikuwa akikaa kwenye kigoda na kusimama, kukaa na kusimama, mara kumi, kisha ishirini, bila kushika meza. Wiki nyingine mizani haikusogea kabisa. Nyingine ilipanda, akalia bafuni. Mshauri wa lishe alimwambia asibadili kitu, aendelee. Akaendelea.

Jioni aliniamuru niandike kila kijiko. "Viwili kwenye maharage. Kimoja kwenye mchuzi. Andika na kile cha limau."

Kilo ziliondoka kama mgeni mwenye mizigo mingi, akienda na kurudi mlangoni. Themanini na nne. Themanini na moja. Uso wa mama yetu ukaanza kujitokeza chini ya uso wake, na mdogo wetu akamwambia, "Sasa unanitisha. Nikikuona nahisi nimekosea kitu." Yeye mwenyewe alikuwa amebaki koti na maneno, na maneno yalikuwa yanapungua.

Alifika sabini na saba baada ya karibu mwaka mzima. Daktari alimshika mikono yote miwili. Vipimo vya mwisho vikafanywa, tarehe ikapangwa, Jumatano, na tukapewa karatasi: siku ya operesheni Dada asile wala asinywe chochote tangu usiku uliotangulia.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tano, mrija wa shingoni ukaingiza vijidudu kwenye damu. Homa ilianza Jumanne. Jumatano mdogo wetu alinitania kwamba muuguzi ana sauti ya redio iliyolowa. Ijumaa asubuhi alikuwa amekwenda.

Ni hesabu ndogo tu, na kila mtu wa familia yetu aliifanya kimya kimya. Toa miezi minne. Toa hata miwili.

Msibani hakuna aliyemlaumu Dada. Walimsifu. Alikuwa amekaa sakafuni akiegemea ukuta, nguo nyeusi ikimpwaya, na jamaa tusiowaona miaka mingi waliinama kumpa pole, kisha wakashindwa kujizuia.

"Shoga, umepungua! Umependeza jamani. Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa."

"Tuambie na sisi. Usitufanyie uchoyo."

"Nilikuwa na mgonjwa," Dada akasema.

"Aa, mawazo. Mawazo nayo yanakondesha."

Shangazi yetu mmoja alimshika kiuno kabisa, kama anayepima kitambaa. Dada akauacha ule mkono pale ulipo hadi ulipochoka wenyewe.

Jumatano ya tarehe ile ikafika. Hatukuizungumza, lakini usiku uliotangulia nilimwona anasukuma glasi ya maji mbali naye, na asubuhi hakunywa uji. Alivaa viatu vyake vya turubai, akaondoka kwa miguu. Nilikuwa sina kipindi siku hiyo, nikamfuata hadi chuoni, kwa sababu nilimwogopea.

Alipika kama kawaida, ila hakuonja. Hata kijiko cha chai hakukigusa. Msaidizi wake akamwuliza chumvi vipi, akasema hajui. Kabla ya kengele matroni akaja na bakuli lake.

"Karibu, Mama Upawa. Onja."

"Leo sili."

"Chakula kina nini?"

"Hakina kitu. Mimi ndiye niliyeambiwa nisile."

"Na nani?"

"Na hospitali."

Matroni alinitazama mimi, mimi nikaangalia sakafu. Alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga, na alikuwa amekuja mazishini. Akachukua bakuli, akala mwenyewe, sufuria zote sita, amesimama. Uso wake ulibadilika kwenye ile ya tatu, lakini alimeza, akapiga kengele. Mchuzi wa tatu ulikuwa na chumvi isiyolika. Wanachuo waligonga sahani, na Dada akasimama kwenye kidirisha cha kugawia chakula, akiwatazama mmoja mmoja.

Jioni alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Sikuwa nimelifungua daftari tangu msiba.

"Lilete," akasema.

"Niandike nini, Dada? Hujala kitu."

"Rudi mwanzo. Ukurasa wa kwanza."

Nikarudi. Uji kikombe kimoja, bila sukari. Chini yake palibaki nafasi, kwa sababu nilikuwa naacha nafasi ili ukurasa upendeze.

"Andika. Upawa mara arobaini na tatu."

Nikaandika.

"Siku ya pili."

"Dada..."

"Siku ya pili, mwalimu. Upawa mara arobaini na tatu."

Tulikwenda hivyo, siku kwa siku, tukiziruka Jumapili kwa sababu Jumapili jiko lilikuwa likifungwa. Hakulia. Maji ya beseni yalipoa na hakuitoa miguu. Nilipofika mwezi wa pili mkono uliniuma, nikamwambia tuishie hapo, tutaendelea kesho.

"Kesho nina kazi," akasema. "Andika."