Ishirini Niliyokataa Kutoa

Siku ya kwanza kazini nilipewa chaki, si ufunguo wa lori. Shule niliishia darasa la nne. Mkuu wa Usafiri, mtu wa maneno machache, alinionyesha ubao wa ofisi yetu ya Nyamirambo, hapa Kigali: "Andika lori liko wapi bila kuliona."

Nikajifunza. Umbali ni kasi mara muda. Lori la saruji likishagongewa muhuri mpakani Rusumo, huja kwa kilomita arobaini kwa saa: u = 40m. Saa mbili, themanini. Saa nne, mia na sitini, limeingia Kigali. Ukichora unapata mstari ulionyooka. Wenye diploma walikuja kuniuliza mimi.

Kisha Mkurugenzi mpya akaugeuza mstari wangu kuwa sheria: dereva akichelewa mara tatu, afukuzwe. Yusufu, dereva wetu wa miaka mingi, alikuwa na mbili. Akaja mezani kwangu.

"Muzehe, mstari yako inaanza mapema. Nikishagonga muhuri, napanga foleni ya mzani nusu saa. Gari iko imesimama, wewe unahesabu inatembea!"

"Wenzako mbona hawalalamiki?"

"Wenzangu wanatoa gia kwa miteremko, gari inajiendea. Mimi niko na watoto, sha."

"Endesha gari, hesabu niachie mimi."

Alikuwa sahihi, nami nilijua palepale. Nusu saa ya kusimama ni kilomita ishirini, kwa hiyo u = 40m − 20. Chaki kidogo tu. Lakini wale wenye diploma wangeona dereva amenisahihisha. Sikugusa ubao.

Safari iliyofuata, Yusufu aliitafuta nusu saa yake mteremkoni. Alitoa gia, breki zikapata moto, zikakataa. Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri.

Nikarudi ofisini nikaandika kutoa ishirini. Mkurugenzi akatazama ubao. "Umefikiri vizuri, mzee."

Siku nilipostaafu walinipigia makofi kwa kanuni hiyo. Siku hizi simu inawaonyesha lori lilipo, ubao hauna kazi. Vijana mnaokuja kuniuliza, sikieni: kabla hamjazidisha chochote, muulizeni dereva alisimama wapi.

Mjane wa Yusufu anashona nguo mtaa wa pili kutoka kwangu. Kila tukikutana hunishukuru kwamba niliwatafutia madereva waliobaki ile nusu saa. Sijamwambia nani aliniletea.