Mikono ya Bu Ngatirah

Pale mjini Solo, Warsini alijulikana kwa mambo mawili: picha zake za wanamuziki, na ulimi wake. Mpiga ngoma akikaa mbele ya kamera kama mgonjwa anayesubiri sindano, alimfokea: "Hiyo ngoma ni mkweo? Mbona unaiogopa? Ikumbatie!" Alijua kwamba ala ikiwekwa vibaya hummeza mwenyewe. Ngoma huficha kifua, shingo ya zeze hukata uso vipande viwili. Basi alisogeza bega la mtu, akainua kidevu, akalala kifudifudi sakafuni na kamera yake, mpaka mtu na ala yake waonekane wamezaliwa tumbo moja.

Hasira zake zilikuwa na chimbuko. Marehemu mama yake alipiga gendèr, ile ala ya mabamba ya shaba yaliyotundikwa juu ya mianzi, tangu usichana hadi uzeeni. Picha pekee aliyoiacha duniani inamwonyesha amebeba sinia la chai, nyuma ya wanaume waliokaa kwa raha na ala zao.

Siku moja Pak Tarnoyo alifika studio na kundi lake zima la gamelan, ule muziki wa ala za shaba. Walikuwa wanatoa kaseti, wakahitaji picha ya jalada. Mkewe, Bu Ngatirah, ndiye aliyekuwa mpiga gendèr wao. Alikuwa ameshaketi nyuma ya ala yake, miguu ameikunja, virungu viwili vya kuipigia mkononi, mumewe alipoanza kupanga watu.

"Mimi katikati na zeze langu. Vijana huku na huku. Wewe mama, inuka, simama nyuma, kunja mikono."

"Na gendèr?" Warsini akauliza.

"Inakula nafasi. Tena mwanamke na virungu hapendezi kwenye jalada."

"Pak Tarnoyo, nusu ya kinachosikika kwenye kaseti hiyo ni mikono yake."

"Mikono haitazamwi. Piga picha."

Bu Ngatirah aliinuka, macho kwenye mkeka. "Achana naye, dada," alinong'ona. "Piga tu yaishe."

Mnong'ono ule ndio uliomkata Warsini maini. Akaifunika kamera kifuniko chake. "Sipigi."

"Unasemaje?"

"Masikio ya mwanamuziki hayo? Nimesema sipigi! Nenda kwa wanaopiga picha za vitambulisho, watakusimamishia mkeo kama mlingoti."

Pak Tarnoyo akamnyooshea kidole. "Mwanamke usiye na mume, utajuaje heshima ya nyumba?"

"Ningekuwa na mume kama wewe, ningemvua mlangoni pamoja na viatu!"

Vijana wa kundi wakaziba midomo wasicheke. Wakabeba ala zao, wakaondoka. Bu Ngatirah alitoka wa mwisho, bila kuaga.

Kaseti ikatoka. Picha ilikuwa imepigwa kwingine, na mchapishaji, ili iingie kwenye jalada, aliikata pembeni. Pak Tarnoyo alikuwemo, zeze lake likang'aa. Cha mkewe kilichobaki ni bega moja na fundo la nywele.

Asubuhi moja baisikeli ya abiria, ya magurudumu matatu, ikasimama mlangoni kwa Warsini. Kitini Bu Ngatirah ameikumbatia gendèr.

"Nipige picha," alisema. "Mimi na hii. Basi."

Haikuwa kazi rahisi. Kamera ikikaa mbele, mabamba yalificha mikono. Warsini akapanda kigoda. Mikono ikaonekana, uso ukapotea. Akaigeuza ala mshazari kuelekea dirishani, mwanga ukashuka juu ya vidole. Bu Ngatirah akainua virungu juu, akachanua tabasamu.

"Shusha! Unaua nzi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Piga muziki. Ule unaoupiga akikuudhi."

"Na nisitabasamu?"

"Ukitabasamu nakufukuza."

Akapiga. Alikaza taya, macho hayakumtafuta mtu. Kirungu kimoja kilipogusa shaba, na kifundo cha mkono wa pili kikizima sauti iliyotangulia, Warsini akabonyeza.

Picha hiyo, kubwa kama mlango wa kabati, akaiweka kwenye kioo cha dirisha linalotazama barabara. Pak Tarnoyo alikuja mbio, wauza tofu wakamfuata kutazama.

"Mtoe mke wangu dirishani!"

"Huyu ni mpiga gendèr," Warsini alimjibu, amesimama katikati ya mlango. "Mkeo yuko kwenye kaseti. Kamtafute."

Watu wakaangua kicheko. Pak Tarnoyo aliinua ngumi, akakitazama kioo, akaishusha. Nyumbani akamwamuru mkewe aende mwenyewe kuiondoa ile picha. Hakwenda. Kwenye harusi iliyofuata kundi lilipiga bila yeye, muziki ukachechemea, na badala ya kumwomba radhi Pak Tarnoyo akamchukua mpwa wake aliyekuwa bado anajifunza. Bu Ngatirah akahamia kundi la mtaa wa pili, ambako waliketi wanawake tu.

"Mume wangu anakula wali, hasemi," Bu Ngatirah alimsimulia Warsini. "Na mimi sisemi. Nyumba imetulia kweli, dada!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Warsini hakuweza kucheka naye. Bado alikuwa anatamani kulivunja lile zeze la Pak Tarnoyo.