Nilimnolea Mwenyewe

Msumeno wangu wa mashine siazimishi. Hapa Kilole wananiita mchoyo, na waniite. Mnyororo ukizoea mkono mmoja wa tupa, mkono mwingine huuharibu, msumeno ukaanza kukata upogo. Mtu pekee niliyempa alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, maana kunoa nilimfundisha mimi.

Tulikata miti ya kila mtu isipokuwa mmoja: mvule wa mama, kule Kerenge. Marehemu baba, mpasua mbao, alituachia neno kwamba usikatwe mama akiwa hai. Alituachia na desturi ya wapasua mbao pia: ukimnolea mwenzio, umeibariki kazi yake.

Jioni moja mdogo wangu alikuja kuomba msumeno. Alisema kuna msufi umeangukia uzio wa mtu Kwamndolwa. Kwa mapenzi tu nikaukalia, nikaunoa jino kwa jino, tupa ikienda mbele bila kurudi, nikamtilia na oili.

Kesho yake aliurudisha, meno yamevunjika ncha.

"Nimegonga jiwe, kaka," alisema akitazama viatu vyake.

Jiwe! Jiwe hulifanya jino kuwa butu. Haya yalikuwa yamemeguka, na kinachomegua hivyo ni chuma. Nikafungua kifuniko. Msufi ni mweupe, lakini vumbi lililojaa mle lilikuwa la kahawia, lile la mvule linalowasha pua.

Ndani ya mvule wa mama kuna msumari wa inchi sita. Baba aliupigilia kuning'inizia mzinga wa nyuki, mimi nikimshikia ngazi, na miaka ikapita mti ukaumeza. Mdogo wangu siku hiyo alikuwa mgongoni kwa mama. Angejuaje?

Nilipanda bodaboda hadi Kerenge. Magogo yalishaondoka. Mama alikuwa amekaa juani kando ya kisiki.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Katika maisha yangu yote hajawahi kuniacha na shikamoo mdomoni.

"Mama, sikumtuma. Amenidanganya hata mimi."

"Na mimi nilimkatalia," alisema. "Nikamwambia kaka yako hawezi kukubali jambo hili. Akanionyesha mnyororo unavyong'aa. Akasema, mama, kama kaka hajakubali, nani kaninolea?"

Niligeuka nikatazama njia magogo yalikopita. Wa kumkasirikia hakuwepo pale.

"Nijibu, mwanangu. Ulimnolea, hukumnolea?"

"Nilimnolea, mama."