Mashine za Nailantei Hazihesabiwi

Nailantei ni mkaidi, tena mkaidi asiyeomba radhi. Mchana hutengeneza kompyuta katika duka la Hiram, pale Kitengela kando ya barabara ya Namanga. Wateja wakipungua, hufungua laptopu yake na kushika kazi ile nyingine isiyo na mshahara. Kuna mkusanyiko mkubwa wa programu huria, uliojengwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na karibu kila mtu anautumia juu ya kiini kimoja, ile sehemu ya ndani inayozungumza na mashine yenyewe. Nailantei anauhamishia kwenye kiini kingine, programu moja baada ya nyingine.

"Mama Resian, si hicho cha kwanza kinafanya kazi?" Hiram humuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ya nini kujitesa?"

"Kisima kimoja kinaweza kunywesha Bisil yote, boss. Siku kikiingia sumu, je?"

Hiram hucheka. Acheke. Programu nyingi zikiamka huuliza kiini: anwani ya faili mwisho wake ni urefu gani? Kiini cha Nailantei hujibu kwamba anwani haina mwisho, basi zinaanguka papo hapo. Miaka sita amekuwa akizifundisha moja moja kuishi bila mpaka. Wewe ungeweza? Mimi ningeshachoka zamani.

Sasa sikia dharau. Jumatatu moja mratibu wa mradi, mtu wa ng'ambo, akamwandikia kwamba toleo lijalo litatoka bila kiini chake. Ripoti ilionyesha watumiaji sifuri. Mwenye pingamizi alete kabla ya Ijumaa.

Sifuri! Damu ilimchemka. Yeye aliyefufua laptopu zilizotupwa, akazitia kiini hicho na kuzigawa kutoka Tuala mpaka Entarara, leo aambiwe sifuri? Halafu akakumbuka ile fomu ambayo mradi huwatumia kila mwaka. Ilikuwa na swali: mko na mashine ngapi? Alikuwa ameliacha wazi, na si kwa kusahau. Kwao hawahesabu ng'ombe wala watoto. Kuhesabu ulichopewa ni kuita balaa. Babake, mzee Katoo, husimama mlangoni mwa boma ng'ombe wakirudi, awatazame, kisha aseme tu, "Yule mwekundu wa pembe iliyopinda hajafika." Na kweli, hajafika. Basi Nailantei aliruka kile kisanduku, na kompyuta isiyo na adabu ikajijazia sifuri.

"Si uandike nambari yoyote mambo yaishe?" Hiram akasema. "Hizo ni kompyuta, si ng'ombe!"

"Nimezilea kwa mkono wangu. Sihesabu."

"Basi watakufuta."

"Wajaribu waone!"

Siku tatu alipiga simu huku na huku, kuuliza kila mashine iko hali gani. Kisha akaandika barua. Mashine ile ya kijivu yenye ufa mdomoni, iko kanisani Bisil, inaandika nyimbo za kwaya. Ile nyeusi iliyolegea bawaba upande mmoja, iko kwa daktari wa mifugo Entarara, inatunza rekodi za chanjo. Ile isiyo na herufi R, iko kwa Shirleen wa saluni, Tuala, naye hataki ibadilishwe. Aliendelea hivyo, kurasa kwa kurasa, na mwisho akamalizia: "Hakuna iliyopotea. Mkitaka nambari, hesabuni wenyewe."

Hiram alisoma akashika kichwa. "Ai! Hiyo ni jeuri."

"Ndiyo, ni jeuri," Nailantei akasema, akaituma.

Lakini Ijumaa asubuhi hakunywa hata chai. Aliogopa, na hakuficha. Miaka sita ya maisha yake ingefutwa na mtu ambaye hajawahi hata kuliona vumbi la Kitengela. Saa nne jibu likaingia. Hiram akaacha mteja kaunta, akaja kuchungulia begani mwake.

"Nimehesabu," mratibu alikuwa ameandika, na mstari uliofuata ulianza na nambari. Haraka Nailantei akaiziba kwa kidole gumba, akasoma yaliyobaki. Kiini chenu kinabaki.

Akapumua. Machozi yalimtoka na hakuyapangusa.

Lakini Hiram alikuwa ameshaona. "Mama Resian! Kumbe ziko—"

"Nyamaza!"

Hiram akarudi kaunta kwa mteja wake.