Mshono wa Papa Gaspard

Papa Gaspard wa mtaa wa Nyamianda alikuwa fundi wa nguo mwenye maringo yake. Ukimpelekea suruali iliyoshonwa na mwingine, aliigeuza nje ndani, akaguna, halafu akakuuliza kama aliyeishona alikuwa amesinzia. Kwaya za Wakatoliki na za Waprotestanti zote zilishonewa kwake.

Wenye bunduki walipouteka mji, mkubwa wao alimletea marobota ya kitambaa cha mabaka, pamoja na uzi wao wenyewe. Hakumwomba, alimwamuru awashonee askari wake sare. Gaspard akashona mlango ukiwa umefungwa, na jirani akiuliza anashona nini kutwa nzima, alijibu ni iniforme za shule. Shule zenyewe zilikuwa zimefungwa! Tulimwamini hivyo hivyo, kwa kuwa ni Gaspard. Yeye aliona haya hata kutusalimia, na kanisani akahamia viti vya nyuma.

Asubuhi moja askari wao waliingia kwa Mama Eliane, mjane anayelima mpunga Bwegera. Alikuwa na magunia mawili ya mchele, chakula cha watoto mpaka mavuno. Tulisimama uani tukitazama, Gaspard katikati yetu. Askari mmoja akainama mlangoni kubeba gunia la kwanza, suruali ikapasuka matakoni, praa!

Tulijikaza tusicheke. Askari akapandwa na hasira.

"Ni fundi gani wa bure alishona hii?"

Hakuna askari pale aliyemjua Gaspard. Angenyamaza tu, mambo yakapita. Lakini hakuweza kuvumilia mshono wake utukanwe.

"Mushono iko muzuri! Ni ule uzi yenu iko ya kuoza."

Neno lilikuwa limeshatoka. Sote tukamgeukia, naye akanywea mbele ya macho yetu. Nilimkasirikia: kumbe iniforme za shule ndizo hizi!

"Basi shona," askari akasema, akamgeuzia makalio.

Gaspard akachomoa sindano kwenye kola ya shati lake, ikiwa na uzi wake mwenyewe, ule mzuri, akapiga magoti vumbini. Mama Eliane akamsogelea, akasema polepole, kwa heshima yote:

"Papa Gaspard, kaza muzuri. Gunia ingine iko mu nyumba."

Akakaza. Alilia kwa aibu, na bado aliurudia mshono mara ya pili, maana mikono yake haikujua kushona vibaya.